Trekta Kuukuu na Maneno Yanayoliuza

Kuanzia mwezi wa tisa, kabla mvua hazijanukia Dodoma na Singida, bei ya trekta lililotumika hupanda, na maneno ya kuliuzia hupanda nayo. Ukipita Kibaigwa, Babati, Makambako au Ifakara utayasikia yaleyale, kana kwamba madalali wote walisoma darasa moja. Mengi si uongo mtupu. Ni ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo humgharimu mnunuzi, maana uongo mtupu angeushtukia. Hapa nayajibu yale yanayorudiwa zaidi, ya kuuzia na ya kutunzia. Msimamo wangu nautaja mapema: kwenye trekta la miaka 20 au 40, unachonunua hasa ni tabia ya yule aliyekuwa nalo kabla yako, na tabia hiyo imeacha alama kwenye chuma. Mwaka, chapa na rangi vinafuata nyuma kabisa.

“Mita yenyewe inasoma saa 2,800 tu”

Hili ndilo dai linalotolewa kwa kujiamini kuliko yote, kwa sababu lina namba. Lakini iulize hiyo namba imetoka wapi. Kwenye matrekta mengi ya miaka ya 1960 na 1970, kama Massey Ferguson 165 na Ford 5000, mita ya saa haiendeshwi na umeme. Inazungushwa na waya unaotoka kwenye injini, uleule unaosukuma mshale wa mizunguko. Kwa hiyo mita haihesabu saa za ukutani, inahesabu mizunguko, na inatimiza saa moja kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi iliyopangwa kiwandani. Trekta likiachwa linanguruma taratibu kwa saa tatu huku vibarua wanapakia mahindi kwenye tela, mita inaweza kuandika saa moja na ushee.

Hapo tunasema waya ni mzima. Waya ukikatika hakuna anayehangaika nao, kwa kuwa trekta linalima vizuri tu bila mita. Namba inaganda palepale misimu kumi, halafu siku ya kuuza inatajwa kama cheti cha kuzaliwa. Tena mita nyingi za aina hiyo zina nafasi nne tu za saa. Zikipita 9,999 zinarudi sifuri zikaanza upya. Saa 2,800 yaweza kuwa 12,800, na muuzaji mwenyewe, kama ni mwenyewe wa tatu au wa nne, huenda hajui.

Mwache asimulie mita, wewe inama utazame kanyagio la klachi. Kanyagio jipya lina michirizi ya kuzuia buti lisiteleze. Kama michirizi imefutika, chuma kimeng'aa na ukingo wa upande mmoja umekuwa mwembamba, hapo umepita mguu wa miaka mingi. Nenda nyuma kwenye mikono miwili ya kubebea plau, utazame matundu ya pini: yakiwa bado duara, trekta limelima kiasi. Yakiwa yamevutika yakawa marefu, limelima sana. Kisha weka jeki chini ya ekseli ya mbele, inua, shika tairi juu na chini, utikise. Mchezo wa bushi na kingpini hausikilizi dalali.

“Njoo ulisikie linavyonguruma”

Ukifika ukakuta limeshawashwa, omba lizimwe na urudi kesho asubuhi. Si utovu wa adabu. Injini ya dizeli iliyochoka huficha maradhi yake ikishapata moto. Oili inakuwa nyepesi, ringi zinatanuka na stata haihangaiki. Ndiyo maana wauzaji wajanja huliwasha mapema na kulizungusha kidogo kabla mgeni hajafika. Kabla ya kitu chochote, weka kiganja kwenye bomba la ekzosi pale linapotoka kwenye injini. Likiwa na joto, safari yako imeharibika.

Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha redieta. Ukiona utando wa oili juu ya maji, ondoka. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyopungua kila mtu anaijua, lakini wachache wanaogopa iliyozidi. Ikipita alama ya juu na ukainusa ikanuka dizeli, mara nyingi ngozi ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta imechanika na dizeli inashuka kwenye sampu. Injini imekuwa ikisagwa na oili iliyotiwa maji, kwa lugha ya mafundi.

Sasa liwashwe. Moshi mweupe wa dakika ya kwanza asubuhi ya Njombe si kesi. Ule usiokoma ndio kesi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito trekta likiwa halina mzigo unasema nozeli au pampu, au hewa haipiti. Kisha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: injini ikiwa inazunguka, legeza kifuniko cha kujazia oili na uweke kiganja juu yake. Kupumua kidogo ni kawaida. Kama kinasukumwa kwa vishindo na moshi unatoka kwa mapigo, gesi zinapita kwenye ringi, na sauti yote ile ya kupendeza ni ya injini inayongoja ovahoo.

Na wakikuambia ovahoo imeshafanyika? Uliza risiti za pistoni na laina, na zaidi ya hapo uliza krenki ilichongwa saizi gani. Fundi aliyeifanya kazi hiyo kweli atajibu bila kufikiri: kumi, ishirini, thelathini. Krenki iliyofika saizi ya mwisho haichongwi tena, safari ijayo ni kununua nyingine. Anayejibu kwamba “ilifanywa yote” ana kopo la rangi nyekundu na pakiti ya ringi.

“La kutoka nje ni bora kuliko lililolimia hapa”

Nchi hii ina historia na dai hili, na historia yenyewe ni ghali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, Kongwa ikiwa kitovu chake, kwa ndoto ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Ulaya ilikuwa imetoka vitani na matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua makubwa ya jeshi la Marekani yaliyobaki Ufilipino baada ya vita. Mengi yalifika yakiwa hoi, spea hazikuwepo, mafundi walikuwa wachache, na udongo wa Kongwa, mgumu na wenye mchanga mkali, ulikula vyuma vya kulimia. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimeteketea. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, ukame ukiwa mojawapo, lakini hii ya kununua chuma cha mbali bila kukikagua inatuhusu hadi leo.

Trekta la Uingereza au Ulaya laweza kuwa zuri sana. Laweza pia kuwa limetumika kubebea samadi kwa koleo la mbele miaka 15, na mzigo huo wote ulikalia ekseli ya mbele. Baridi ya huko huwafanya watie chumvi ya kalsiamu kwenye maji ya tairi za nyuma ili yasigande, na chumvi hiyo hula rimu kutoka ndani. Tazama shina la valvu: kutu ya unga unaobanduka pale ni habari mbaya. Yale madogo ya Japani, kina Kubota, Iseki na Yanmar, yamesaidia wakulima wengi wa mpunga, lakini mengi yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na namba ya modeli isiyofanana na ile ya kuuzwa nje inaweza kukufanya utafute sili moja miezi miwili. Lililolimia hapa lina faida moja kubwa ambayo tangazo halina: majirani. Nenda kijijini lilikolima, wakaulize waliolimiwa. Watakuambia lililala shambani mara ngapi.

“Massey halifi, spea zake hadi dukani kwa mangi”

Hili karibu nilikubali. Ni kweli kwamba injini za Perkins zilizofungwa kwenye Massey za kati ndizo mafundi wetu wamezikulia, na kwamba fundi wa Mpwapwa anaweza kuifungua 165 usiku kwa tochi ya simu. Sababu ya kulichagua ni hiyo, na inatosha. Ila jina “Massey” limepigwa chapa Coventry, Beauvais, Brazil, India na Pakistani, na vipuri havifanani vyote. Soma kibati cha namba, kiandike, ukipeleke dukani kabla ya kununua trekta, uulize bei ya vitu vinne: sahani za klachi, seti ya pampu ya haidroliki, ringi, na kingpini. Nusu saa hiyo itakuonyesha unaoa nini. Uliza pia kuhusu spea bandia, kwa sababu umaarufu wa Massey ndio uliozileta. Beringi inayouzwa kwa robo ya bei ya mwenzake ina sababu.

Farmtrac na New Holland za India zilizoingia kwa wingi kupitia SUMA JKT enzi za Kilimo Kwanza, iliyozinduliwa mwaka 2009, nazo zimo sokoni sasa, na zile zilizokuwa na mwenyewe makini ni ununuzi mzuri. Nyingine zililimishwa kwa haraka ya kulipa mkopo. Rudi kwenye kanyagio.

Kuhusu haidroliki, kwa kuwa tuko kwenye Massey: inua plau, zima injini, kanywe chai. Ukirudi ukakuta plau imelala chini, kuna sili au silinda inayovuja. Kwenye 135 na 165 pampu yenyewe imezama ndani ya oili katikati ya trekta, kwa hiyo gharama kubwa ni ya kufungua, kabla hata ya spea. Shusha bei kwa kiasi hicho au uache.

“Farasi wengi ndio kazi nyingi”

Si lazima. Farasi bila uzito na bila tairi zenye meno hugeuka moshi na utelezi. Linganisha na plau uliyonayo, basi.

“Nchi ya joto hii, themostati ya nini?”

Hapa tunaingia kwenye matunzo, na dai hili lina umri kuliko mafundi wengi wanaolitoa. Trekta likichemsha, jambo la kwanza ni kuitoa themostati na kuitupa. Hoja yao ni kwamba inazuia maji. Inayazuia kweli, kwa makusudi, mpaka injini ifike joto la kazi. Injini inayofanya kazi ikiwa ya baridi haichomi dizeli yote. Sehemu inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, na ringi zinakwisha mapema. Kwenye injini nyingine kuitoa kunaacha njia ya pembeni wazi muda wote, maji yanazunguka humo humo bila kupita yote kwenye redieta, na trekta linachemsha zaidi ya mwanzo.

Kinachochemsha matrekta yetu mara nyingi ni kitu cha kuonekana kwa macho: pumba na mbegu za majani zilizojaa kati ya mapezi ya redieta, mkanda wa feni uliolegea, na maji. Maji ya visima vya Dodoma na Singida yana chumvi ya kutosha kuacha ukoko ndani ya sufuria, na ukoko huohuo unajengeka ndani ya bloku na redieta kila unapoongeza ndoo. Kinga maji ya mvua kwenye bati, weka mapipa mawili kwa ajili ya trekta peke yake. Bora zaidi, tia maji ya redieta yaliyotengenezwa kiwandani. Redieta ipulizwe kutoka upande wa injini kwenda nje, vinginevyo unazikandamiza pumba.

“Oili ni oili, dizeli ni dizeli”

Massey 135 na 165 hutumia oili moja kwa giaboksi, difu na haidroliki, zote kwenye chumba kimoja. Anayemimina oili 90 kwa sababu “giaboksi inapenda nzito” ameinyima pampu ya haidroliki mnyweo wake, kisha anashangaa plau inapanda kwa kusuasua asubuhi. Chungulia pia kiatu cha mpira kwenye shina la gia. Kikipasuka, mvua inaingia moja kwa moja kwenye chumba hicho, oili inageuka maziwa. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo, na trekta linaloegeshwa chini ya mwembe mvua nzima bila huo mpira ni la mtu asiyejali. Ukiikuta oili ya maziwa kwenye trekta unalotaka kununua, umeshajibiwa swali ambalo hukuuliza.

Dizeli ya dumu nayo. Pampu nyingi za injekta za Massey na Ford za zamani ni CAV za mzunguko, na ndani hazina oili nyingine: dizeli inayopita ndiyo inayolainisha. Tone la maji linaacha kutu kwenye vyuma vilivyochongwa kwa kipimo kisichoonekana kwa macho. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na magari na matrekta yaliyanywa bila wenyewe kujua miaka ile wachakachuaji walipoyachanganya kwa sababu yalikuwa nafuu, mpaka serikali ilipopandisha ushuru wake mwaka 2011. Dumu lako liache litulie usiku kucha, umimine kwa juu bila kufika chini, na kila asubuhi fungulia kikombe cha filta mpaka maji na uchafu vitoke. Jaza tangi jioni. Tangi tupu usiku hutoa jasho ndani.

Ila kama ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa mwenye trekta, ningeiacha dizeli na kusema hewa. Vumbi la kulima ardhi kavu ni mchanga laini, na injini ikilila inakwisha msimu mmoja. Legeza mpira unaounganisha filta ya hewa na injini, ingiza kidole ndani upande wa injini, ukitoe. Kikitoka kikavu na chekundu, hakuna ovahoo itakayodumu mpaka uvujaji huo uzibwe. Filta ya bakuli la oili isafishwe kila siku ya vumbi, oili ya ndani ikishakuwa uji imwagwe. Fanya jaribio hili la kidole kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

“Dereva wangu analijua, kila kitu namwachia yeye”

Dereva analipwa kwa ekari. Kila dakika anayosimama kupaka grisi ni pesa inayotoka mfukoni mwake, na pampu ikifa haitoki mfukoni mwake. Simlaumu, mpango ndio ulivyopangwa. Mwenye trekta anayetaka matunzo ayalipie: nusu saa ya asubuhi iwe na ujira wake, na daftari la grisi, oili na filta likaguliwe pamoja na la ekari. Siku ya kuuza, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko rangi mpya.

“Utairudisha pesa yake msimu mmoja”

Tufanye hesabu, uweke bei za kwenu. Plau ya diski tatu hukata upana wa karibu mita 0.9. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa ni mita za mraba 5,400, na ekari ni kama 4,050. Ondoa robo kwa kugeuza, visiki na kujaza mafuta, unabaki na ekari moja kwa saa. Siku ya saa nane ni ekari nane. Kanda ya Kati, mvua moja kwa mwaka, tuseme dirisha la kulima ni siku 40: ekari 320.

Tuseme unalima kwa shilingi 60,000 kwa ekari. Dizeli lita 7 kwa 3,000 ni 21,000. Dereva na kijana wake 6,000. Inabaki 33,000, na mara 320 ni zaidi ya milioni 10. Hapo ndipo dalali anapofunga daftari. Sasa toa siku za mvua kubwa, siku za kuhama kutoka shamba hadi shamba, na siku sita za kungoja spea kutoka Dar es Salaam katikati ya Desemba. Ukifikisha ekari 180 umefanya kazi, na hiyo ni chini kidogo ya milioni 6, ambayo sehemu yake utalipwa baada ya mavuno, kama mavuno yatakuwepo. Trekta la milioni 25 kwa hesabu hiyo linahitaji zaidi ya misimu minne, bila kuhesabu tairi.

Kwa hiyo mwenye milioni 25 atafute trekta la milioni 19. Zinazobaki ni za mwezi wa kwanza: oili zote zimwagwe na kutiwa mpya, filta zote, mikanda na mipira ya maji, betri, bushi za mbele, diski za plau, na pengine tairi moja ya nyuma ambayo muuzaji alisema bado ina msimu.